Askofu Huddleston: Mzungu aliyevua kofia, kisha akaachia kiti

Katika Afrika Kusini ya ubaguzi, Mzungu kumvulia kofia mwanamke mweusi kulikuwa kioja. Padri Trevor Huddleston alimvulia mama mmoja mfanyakazi, na mtoto wa mama huyo hakusahau tena. Mtoto huyo alikuwa Desmond Tutu, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Cape Town na mshindi wa Nobel ya Amani mwaka 1984.

Huddleston alizaliwa Bedford, Uingereza, mwaka 1913. Mwaka 1943 shirika lake la kitawa lilimpeleka Sophiatown, Johannesburg. Serikali ilipoanza kuwahamisha watu weusi kwa nguvu mwaka 1955, yeye alikuwa upande wa wenyeji. Mwaka uliofuata shirika likamrudisha kwao.

Mwaka 1960 akaja kusini mwa Tanganyika, akiwa Askofu wa Anglikana wa Masasi. Eneo lake lilishuka mpaka Mto Ruvuma, kwenye vijiji kama Kitaya, ng'ambo ikiwa Msumbiji. Vita vya ukombozi vilipoanza kule mwaka 1964, wakimbizi walivuka mto kuja huku.

Desemba 1961 bendera ya mkoloni ilishushwa. Lakini kanisani mambo yalikuwa yaleyale: tangu dayosisi ianzishwe mwaka 1926, kila askofu wake alikuwa Mwingereza.

Kwa mazoea, askofu ni mkubwa wa kubusiwa pete na kupishwa njia. Injili, hata hivyo, inamwonyesha Yesu akijifunga kitambaa kiunoni na kuwaosha miguu wanafunzi wake. Wakristo huikumbuka habari hiyo kila Alhamisi Kuu. Kuisikia ni rahisi. Kazi ipo siku mwenye kiti anapotakiwa kuinuka.

Huddleston aliinuka. Mwaka 1968 alijiuzulu ili Mwafrika aongoze, na Hilary Chisonga akawa askofu wa Masasi. Mwenyewe alikwenda Stepney, London, kuwa askofu msaidizi. Yaani kutoka kuongoza dayosisi nzima, akashuka kuwa chini ya mwingine, na hakuna aliyemfukuza.

Aliendelea kuupinga ubaguzi hadi akauona ukianguka. Alifariki Aprili 20, 1998, na majivu yake yakapelekwa Sophiatown, pale pale aliposimama na wenyeji walipokuwa wakifukuzwa.