John Spilsbury

John Spilsbury (1739 – 3 Aprili 1769) alikuwa mchoraji wa ramani na mchongaji wa mabamba ya kuchapia kutoka Uingereza. Kwa kawaida hutajwa kuwa mwanzilishi wa mchezo wa kuunganisha vipande vya picha.

Alijifunza kazi London kwa Thomas Jefferys, mwanajiografia wa Mfalme George III. Katika miaka ya 1760 alibandika ramani juu ya mbao nyembamba, akazikata kwa msumeno kufuata mipaka ya nchi. Watoto walijifunza jiografia kwa kurudisha kila nchi mahali pake. Ramani hizo zilikuwa ghali, hivyo zilinunuliwa hasa na matajiri.

Spilsbury alifariki akiwa bado kijana. Baadaye wengine walikata picha za kila aina, na kifaa chake cha kufundishia kikawa burudani ya nyumbani kwa watoto na watu wazima.