Tatu wa Kibamba: mtu aliyejua redio, akakosa redio

Ndugu wasomaji, ninyi mulio kwenye mashimo ya Misisi na Lubichako, na ninyi mama na watoto munaongojea habari zao Baraka na Fizi, leo tunawaletea maisha ya mtu mmoja ambaye picha yake munaijua wote. Iko kwenye nguo za vijana: ndevu, nywele ndefu, kofia yenye nyota moja. Wengi wanajua kwamba alipita hapa kwetu. Wachache wanajua kwamba huyu mtu alifahamu kazi ya redio mbele ya kufika, na kwamba hapa Fizi aliteseka karibu miezi saba juu ya kukosa redio.

Ernesto Guevara alizaliwa Rosario, nchi ya Argentina, mwaka 1928. Tangu utoto alikuwa na pumu, na ile pumu haikumwacha hata siku ya kufa. Alisoma udaktari, akamaliza mwaka 1953, akatembea nchi mingi za Amerika ya Kusini, akaona wachimbaji wa shaba wa Chile na maisha yao magumu. Mwaka 1955, huko Mexico, alikutana na Fidel Castro. Mwisho wa mwaka 1956 walivuka bahari kwa mashua moja, watu 82, kwenda kupigana na serikali ya Batista kule Cuba. Wachache tu walifika salama kwenye milima ya Sierra Maestra. Wenzake walimwita Che, na jina likabaki.

Ndani ya ile milima, Che aliona kwamba serikali ilikuwa na magazeti na redio, na wao hawakuwa na kitu. Kila siku serikali ilitangaza kwamba wamekwisha. Basi akatafuta mashine. Ile iliyopatikana ilikuwa ya Collins, kutoka Marekani, mashine ambayo watu wa redio ya kujifurahisha walitumia nyumbani kwao. Haikuwa mashine ya stesheni kubwa. Nguvu yake ilikuwa ndogo, kama ya balbu moja au mbili za zamani. Walipandisha mashine na jenereta mlimani, na tarehe 24 mwezi wa 2 mwaka 1958 Radio Rebelde ilisema kwa mara ya kwanza.

Ile usiku ya kwanza waliosikia walikuwa watu wawili: mkulima mmoja mwenye kibanda kwenye mlima wa kuelekeana, na Fidel mwenyewe, ambaye alikuwa amekuja kutembea. Che mwenyewe aliandika jambo hilo baadaye bila haya. Lakini hawakuvunjika moyo. Walitengeneza, wakahamisha stesheni mpaka kambi ya La Plata, wakashika saa ileile kila siku. Miezi michache kisha, stesheni za Venezuela zilikuwa zinachukua sauti yao na kuirudisha hewani. Vikosi vilivyotawanyika milimani vilipata redio pia, vikaongea na Fidel na vikaongea pamoja. Mwezi wa 12 Che alikamata mji wa Santa Clara, na Batista akakimbia.

Hapo Che alijifunza kitu ambacho kila mchimbaji anaweza kukifahamu. Mashine ni nusu ya kazi. Nusu ingine ni waya ulioko juu, moto wa kuilisha, na mtu wa upande wa pili anayesikiliza kwa saa mliyopatana.

Kisha vita Che alikuwa mkubwa wa benki ya taifa, halafu waziri wa viwanda. Angeweza kukaa kwenye kiti mpaka uzee. Mwezi wa 4 mwaka 1965 aliondoka kwa siri, ndevu zimenyolewa, akapita Dar es Salaam na Kigoma. Tarehe 24 ya ule mwezi alivuka Tanganyika usiku pamoja na wenzake kumi na kitu, akashuka Kibamba. Majina yao waliyatoa kwenye hesabu ya Kiswahili: Víctor Dreke alikuwa Moja, mwingine Mbili, na yeye mwenyewe Tatu. Viongozi wa hapa walikuwa bado hawajui Tatu ni nani. Wacuba waliendelea kufika, mpaka wakapita 100.

Kambi yao ya juu, ambayo waliita Luluabourg, ilikuwa mlimani juu ya Kibamba, saa nyingi za kupanda kwa miguu. Nani alibeba habari? Miguu ya watu. Barua ilishuka mpaka ziwani, ikangoja mashua, mashua ikangoja usiku na upepo, kisha Kigoma, kisha Dar es Salaam. Jibu likarudi njia ileile. Viongozi wakubwa wa hapa, Laurent Kabila mmoja wao, walikuwa mara mingi ng'ambo, na Tatu alikaa juu mlimani majuma kwa majuma akingoja ruhusa ya kwenda vitani. Mwezi wa 5 mama yake alikufa Buenos Aires. Ni mgeni kutoka Cuba, aliyevuka ziwa, njo alimpasha habari kwamba mama ni mgonjwa sana. Wakati ule mama alikuwa amekwisha kuzikwa. Hapa kwetu, nani hajapata habari ya namna hiyo? Mtu anafika toka shimoni na barua, na mtu wa ndani ya barua hayuko tena.

Mwisho wa mwezi wa 6, Moja aliongoza watu kushambulia Front de Force, pale Bendera, kwenye kiwanda cha umeme cha mto Kiymbi. Mambo yalikwenda vibaya. Wacuba wanne walikufa, na kwenye mwili wa mmoja adui aliokota daftari lililoonyesha kwamba Wacuba wako Kongo. Tatu, juu kule kambini, alipata habari siku kadhaa kisha, kipande kwa kipande, tena zenye kupingana. Hakuweza kurudisha watu, hakuweza kuongeza watu, hakuweza hata kujua nani amebaki.

Hapa tusimame kidogo, juu kuna wasomaji watauliza: mbona hawakuchukua redio ndogo za mkononi? Jibu liko kwenye milima yenyewe. Redio ya mkononi, ile tunaita motorola, inatuma sauti moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Mlima ukikatiza, mwanga unakufa. Kutoka kilima mpaka kilima unaongea vizuri. Ukishuka bondeni, kimya. Ndani ya shimo haina kazi: mwamba haupitishi, na kamba yenye kengele bado njo simu ya kweli ya mchimbaji.

Kwa kuvuka milima kama yetu ya Itombwe unahitaji foni, ile redio kubwa ya masafa marefu. Sauti yake inapanda mpaka tabaka la juu la anga, inagonga pale, inarudi chini ng'ambo ya mlima. Antena yake ni waya tu. Chukua 143, ugawanye kwa frekansi ya megahezi: unapata urefu wote wa waya kwa metre. Kwa megahezi 7 ni karibu metre 20, kumi upande huu, kumi upande ule. Katikati unafunga kabo: uzi wa ndani upande mmoja, wavu wa nje upande wa pili. Ncha unazifunga kwa kipande cha plastiki na kamba, waya usiguse mti. Na kama unatafuta mtu wa karibu, wa kilometre 50 au 200, haina haja ya mlingoti mrefu: waya uliofungwa metre nne au tano juu ya udongo unapeleka sauti juu kabisa, na inashuka pale karibu. Usiku frekansi ya chini inafaa zaidi, mchana ya juu kidogo.

Watu wengi wanatoa pesa yote kwenye mashine, kisha wanafunga waya wa urefu wowote. Waya usiopimwa unarudisha nguvu nyuma na kuunguza mashine. Wengine wanaweka batri ya pikipiki: inatosha kusikiliza, lakini ukibonyeza kusema inaanguka palepale. Batri ya gari na pano ya jua ya kutosha, hiyo sawa. Na radi ikianza kulia, toa kabo ya antena kwenye mashine na uitupe nje. Tena foni inaombewa ruhusa kwa ARPTC. Ni wao wanaotoa frekansi.

Turudi kwa Tatu. Mwezi wa 8 hatimaye alitembea Baraka, Fizi na Lulimba. Baraka aliona mji uliokuwa na mali mbeleni, hata mashine ya pamba, lakini vita na mabomu vilikwisha kuharibu. Aliona pia kwamba kila mkubwa alikuwa na eneo lake na askari wake, na hakuna aliyejua mwenziwe anafanya nini. Tusidanganye: redio peke yake isingeponya ugomvi ule. Lakini watu wasioweza kuongea wanaamini uvumi, na uvumi ulikuwa mwingi.

Mwisho wa mwezi wa 9 mamluki wa Mike Hoare, pamoja na askari wa serikali, walishuka Baraka kutoka ziwani. Walikuwa na ndege, mashua na redio. Mwezi wa 10 Fizi ilianguka. Ni wakati huu wa mwisho tu njo Wacuba walikuwa na mafundi wa mawasiliano na mashine ya kufika Kigoma. Mashine nzito, mvua, milima, adui anakaribia: mukijua kufunga antena munajua ni shida gani. Tatu alikuwa ameteseka kwa malaria, pumu na kuhara. Wakati fulani alikuwa mwepesi kama kijana.

Mwezi wa 11 kambi ya juu iliachwa, vibanda vikachomwa. Watu walishuka mpaka kando ya ziwa. Adui nyuma, maji mbele. Hapo redio iliita Kigoma, na Kigoma ikajibu kwamba mashua zinakuja. Tatu mwenyewe aliandika kisha jinsi nyuso za watu zilibadilika pale pale. Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 walivuka. Wakongomani wengi waliopigana nao walibaki kwenye mchanga, juu mashua hazikutosha, na ile huzuni ilimfuata. Neno moja lililofika kwa wakati liliokoa zaidi ya watu mia moja. Miezi yote ya mbele, neno kama lile halikuwa na njia.

Alijificha Dar es Salaam, akaandika kitabu juu ya Kongo, akaanza kwa kukubali kwamba alishindwa. Mwaka 1966 alikwenda Bolivia. Na kule, ndugu wasomaji, mambo yakarudia. Mashine zake za kutuma ziliharibika. Alibaki na redio ya kusikiliza tu: Cuba inamwita, yeye anasikia, hawezi kujibu. Kikosi chake kiligawanyika mara mbili, na vile viwili vilitafutana miezi mingi msituni bila kuonana, mpaka kimoja kikauawa mtoni. Yeye alikamatwa tarehe 8 mwezi wa 10 mwaka 1967, akauawa kesho yake katika kijiji cha La Higuera. Alikuwa na miaka 39. Mifupa yake ilipatikana mwaka 1997, ikazikwa Santa Clara, mji ule ule aliokamata.

Kila mtu ana wazo lake juu ya vita vyake, na hapa Fizi wazee hawakubaliani. Sisi tunachukua hili tu. PDG wa shimo ambaye ananunua mashine siku udongo umekwisha kuanguka, amechelewa. Waya upimwe leo, batri ijazwe leo, saa ya kuitana ijulikane na mama aliye Baraka leo. Kisha kila jioni, hata kama hakuna habari, ita. Ile siku habari itakuwepo, atakuwako mtu wa kusikia.