Wakili Aliyejifunza Kusoma Madaftari

Mahatma Gandhi, aliyeuawa Delhi tarehe 30 Januari 1948, anajulikana na wengi hapa Ifakara, wanachama wa hekalu letu na majirani pia. Kazi yake ya uwakili haisimuliwi mara nyingi, nasi tumeona vema kuieleza hapa.

Mohandas Karamchand Gandhi alizaliwa Porbandar, Gujarat, tarehe 2 Oktoba 1869, akapata uwakili London mwaka 1891. Kesi yake ya kwanza huko Bombay ilimshinda: alisimama kumhoji shahidi, maneno yakamkauka kinywani, akaiacha kesi na ada yake.

Mwaka 1893 alisafiri kwa meli kwenda Afrika Kusini, akipitia Lamu, Mombasa na Zanzibar. Alikwenda kuisaidia kampuni ya Dada Abdulla, iliyomdai mfanyabiashara wa ukoo wao pauni 40,000 mahakamani Pretoria. Kesi yote ilikuwa imejificha ndani ya hesabu, naye hesabu za biashara hakuzijua. Hakuona haya kuanza upya. Alinunua kitabu cha utunzaji wa hesabu, akajisomea, akapitia karatasi zote za pande mbili, na barua za Kigujarati akazitafsiri mwenyewe. Alipokwisha kuijua kesi kuliko mtu yeyote, aliona kuwa mashtaka yangewamaliza ndugu wote wawili, akawashawishi wakubali msuluhishi. Dada Abdulla alishinda. Gandhi akamsihi apokee malipo kidogo kidogo kwa miaka mingi, mwenziwe asifilisike.

Kisa kingine hutugusa zaidi sisi ambao kila Diwali hufungua madaftari mapya kwa sala, na ambao tumewahi kukesha tukitafuta magunia mawili ya mpunga yaliyopotea katika safu ya tarakimu. Wasuluhishi walimpa ushindi mteja wa Gandhi, lakini kiasi kimoja kiliandikwa upande usio wake wa hesabu. Kosa lilimfaa mteja, na wapinzani hawakulitaja. Wakili mkuu wa kesi alikataa kabisa kulikiri, akihofia hukumu nzima ingetenguliwa. Gandhi akamweleza mteja hatari hiyo waziwazi. Mteja akaridhia, na wakili mkuu akajitoa. Gandhi akasimama peke yake. Majaji kwanza walishuku hila. Aliwaonyesha tarakimu ilipoteleza, wakamwelewa, wakairekebisha, na ushindi ukabaki kwa mteja wake.