Al-Amin bin Ali Mazrui

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu, mhariri wa magazeti na mwanahistoria kutoka Mombasa, Kenya. Anakumbukwa hasa kwa magazeti yake mawili, Sahifa na Al-Islah, na kwa kitabu chake cha tarikh kuhusu utawala wa Mazrui mjini Mombasa. Alikuwa pia Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi alipofariki.

Maisha ya awali na elimu

Al-Amin alizaliwa Mombasa katika ukoo uliowahi kuutawala mji huo kwa muda wa karibu miaka mia moja, hadi ulipoondolewa na Seyyid Said mwaka 1837. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, alikuwa mwanachuoni mashuhuri. Aliwahi kufungwa na Sultani Barghash wa Zanzibar kwa sababu ya mafundisho yake ya dini. Alifariki mwaka 1894, mwanawe akiwa bado mdogo.

Al-Amin alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye alisoma Zanzibar kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, walimu waliojulikana pwani nzima. Alisoma pia maandishi ya wanamageuzi wa Misri, hasa Muhammad Abduh na Rashid Rida, mhariri wa jarida la Al-Manar la Kairo. Kutokana nao aliona kwamba gazeti linaweza kuwafikia watu wasiohudhuria darsa za msikitini.

Uhariri

Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, gazeti dogo la kurasa chache. Mwaka 1932 likafuatiwa na Al-Islah, jina ambalo maana yake ni matengenezo, lililoandikwa kwa Kiswahili na Kiarabu. Magazeti yote mawili hayakudumu muda mrefu, lakini yanahesabiwa kati ya magazeti ya kwanza ya Kiislamu katika lugha ya Kiswahili.

Wakati huo Waislamu wa pwani walikuwa wamepoteza madaraka chini ya utawala wa Waingereza, na wengi wao walikuwa nyuma katika elimu ya shule. Al-Amin hakuwalaumu wageni peke yao. Aliwakosoa wasomaji wake kwa kuuza ardhi, kwa gharama kubwa za arusi na matanga, na kwa kuiga mavazi na starehe za Wazungu huku wakiacha bidii yao ya kazi na elimu. Alihimiza watoto wafundishwe dini pamoja na elimu ya kisasa, na alitetea elimu ya wasichana. Mwaka 1944 baadhi ya makala zake zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi.

Mwanahistoria

Kitabu chake cha historia alikiandika kwa Kiarabu. Kinasimulia jinsi Mazrui walivyokuja Mombasa kama maliwali wa watawala wa Oman, baada ya Wareno kufukuzwa katika boma la Fort Jesus mwaka 1698. Nasaba ya Busaidi ilipotwaa madaraka Oman katika miaka ya 1740, liwali Muhammad bin Uthman alikataa kuitambua, akauawa mwaka 1746. Ndugu yake, Ali bin Uthman, aliliteka tena boma. Mji ukaendelea kujitawala, ukiitegemea mikataba kati ya Mazrui na Thenashara Taifa, yaani koo kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa.

Mwaka 1824 Mazrui waliomba ulinzi wa Waingereza dhidi ya Seyyid Said, lakini ulinzi huo uliondolewa mwaka 1826. Miaka kumi na moja baadaye mji ulikuwa mikononi mwa Busaidi, na wakuu wa ukoo walikamatwa na kupelekwa uhamishoni.

Mwandishi alikuwa wa ukoo ulioshindwa, na aliishi katika ukanda wa pwani ambao kisheria ulikuwa bado mali ya Sultani wa Zanzibar, wa nasaba ya Busaidi. Kitabu hakikuchapishwa wakati wa uhai wake. Tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na J. McL. Ritchie ilitolewa mwaka 1995, karibu nusu karne baada ya kifo chake. Hivyo makala zake za gazeti ziliwafikia watu wa mji wake mapema, lakini tarikh ya mji huo ilikawia kutoka katika mswada.

Ukadhi

Aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa mwaka 1932 na Kadhi Mkuu mwaka 1937. Aliendelea kusomesha na kuandika vitabu vya dini kwa Kiswahili. Alianza pia kufasiri Qurani kwa Kiswahili, lakini alifariki mwaka 1947 kabla ya kuimaliza kazi hiyo.

Urithi

Wanafunzi wake wawili walimfuata katika cheo cha Kadhi Mkuu wa Kenya: Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyeanzisha baadaye gazeti la Sauti ya Haki, na Sheikh Abdalla Saleh Farsy wa Zanzibar, ambaye tafsiri yake kamili ya Qurani kwa Kiswahili ilitolewa mwaka 1969. Mwanawe, Ali Mazrui (1933–2014), alikuwa mtaalamu maarufu wa siasa za Afrika.