Frantz Fanon: daktari aliyeukuta ukoloni ndani ya vichwa vya watu

Leo nawaletea jamaa mmoja ambaye wengi wetu tunamsikia jina tu, hasa kwa wale waliopita chuo kikuu. Anaitwa Frantz Fanon. Ukimtaja, watu wanakumbuka mapambano na bunduki. Wanasahau kwamba alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, na kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye mapambano.

Fanon alizaliwa tarehe 20 Julai 1925 Fort-de-France, kisiwani Martinique, huko Karibiani. Kisiwa kilikuwa koloni la Ufaransa, na watu wake wengi ni vizazi vya watumwa waliotolewa Afrika. Shuleni walikaririshwa kuwa wao ni Wafaransa. Ukiongea Kifaransa cha Paris umestaarabika, ukiongea Kikreole wewe mshamba. Bahati nzuri sekondari yao ilikuwa na mwalimu anaitwa Aimé Césaire, mshairi aliyewafumbua macho vijana kuwa weusi si aibu.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Fanon akajitolea kupigana upande wa Ufaransa Huru dhidi ya Hitler. Alijeruhiwa, akapewa nishani. Lakini humo humo jeshini akakuta watu wamepangwa kwa rangi: Wazungu juu, watu wa visiwani katikati, Waarabu na Waafrika chini kabisa. Yaani anamwaga damu kwa ajili ya uhuru wa watu ambao wenyewe wanambagua!

Baada ya vita akasomea udaktari mjini Lyon. Mwaka 1952, akiwa na miaka 26 tu, akatoa kitabu kuhusu ngozi nyeusi na vinyago vyeupe. Hoja yake ni kwamba ubaguzi hauishii kwenye kunyimwa kazi au kutukanwa barabarani. Unaingia ndani. Mtu anaanza kujitazama kwa macho ya yule anayemdharau, mwisho anajichukia mwenyewe bila hata kulazimishwa.

Hebu tusiende mbali. Dada zetu na kaka zetu wanaojipaka mkorogo, nani kawashikia fimbo? Mtoto anayevishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili shuleni, anajifunza nini kuhusu mama yake anayeongea Kiswahili hicho hicho?

Novemba 1953 Fanon akapelekwa Algeria, hospitali ya magonjwa ya akili ya Blida. Hapo kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Alianzisha tiba ya kuwafanya wagonjwa waishi kama jamii: mikutano, sinema, gazeti lao, kazi za mikono. Kwa akina mama wa Kizungu mambo yakaenda vizuri. Kwa wanaume Waislamu ikagoma kabisa. Wamekaa kimya, hawataki.

Daktari mwingine angesema hawa washenzi hawatibiki. Fanon akakiri kosa ni lake. Alikuwa amewaletea maisha ya Ufaransa watu ambao si Wafaransa. Akabadilisha. Ukafunguliwa mkahawa wa kienyeji humo hospitalini, akaletwa msimulizi wa hadithi, sikukuu za Kiislamu zikaanza kusherehekewa. Wagonjwa wakaanza kuchangamka. Kumbe hata yeye mwenyewe, mweusi mpinga ubaguzi, alikuwa amebeba mkoloni kichwani bila kujua!

Msidhani hayo ya washenzi nimeyatunga. Kulikuwa na madaktari wa Kizungu Algiers waliofundisha kuwa ubongo wa Mwarabu wa huko haujakomaa. Na hapa kwetu Afrika Mashariki, Dr. J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika mwaka 1953 kuwa Mwafrika anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata akaandika kuhusu Mau Mau kana kwamba ni ugonjwa, wakati watu walikuwa wanadai ardhi yao. Fanon alikuja kumjibu kwa jina.

Novemba 1954 vita ya uhuru wa Algeria ikaanza. Mchana Fanon anatibu Waalgeria walioteswa, na wakati mwingine polisi waliowatesa, maana nao walikuwa hawalali, wengine wanapiga wake zao na watoto. Mwaka 1956 akaandika barua ya kujiuzulu. Hoja yake: huwezi kumponya mtu halafu ukamrudisha kwenye nchi inayomfanya mgeni nyumbani kwake.

Januari 1957 akafukuzwa Algeria. Akaenda Tunis, akawa mwandishi wa gazeti la wapigania uhuru, lakini udaktari hakuuacha. Alianzisha kitengo ambacho mgonjwa anatibiwa mchana na jioni anarudi kwa familia yake. Mwaka 1960 akawa balozi wa serikali ya muda ya Algeria nchini Ghana.

Saratani ya damu ikamkatisha. Kitabu chake cha mwisho, kuhusu waliolaaniwa wa dunia, kilitoka mwaka 1961, na ndani yake kuna sura nzima ya wagonjwa wa vita ile. Alifariki Marekani tarehe 6 Desemba 1961, umri miaka 36. Alizikwa Algeria. Uhuru wenyewe ulikuja Julai 1962, hakuuona.

Wapo wanaompinga kwa alivyoitetea vurugu ya wanyonge, na mimi nakubali hapo pana mjadala. Wagonjwa wake wenyewe ni ushahidi kuwa bunduki inamwachia kidonda hata anayeishika. Ila kuna jambo siwezi kumbishia. Ukitibu akili ukaacha dhuluma, mgonjwa atarudi kesho. Ukiondoa bendera ya mkoloni ukaacha aibu kichwani, mkoloni hajaondoka. Kazi ni mbili na zinakwenda pamoja.

Steve Biko kule Afrika Kusini alimsoma akalibeba hilo. Sisi je? Nani kakufundisha kujiona duni, na umeanzaje kujivua? Tupeane mawazo hapo chini, bila matusi jamani.