Rwagasore: mwanamfalme wa wachuuzi anayelala Kiriri

Mfanyabiashara anayeingia Bujumbura kutoka Uvira, au anayeshuka bandarini na mzigo wa Kigoma, akitazama upande wa mashariki huona vilima vilivyosimama juu ya mji. Huko, kwenye mteremko wa Kiriri na Vugizo, ndiko lilipo kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore. Jina lake limeandikwa kwenye barabara kubwa ya katikati ya mji, na wengi hulipita na mizigo yao kila siku. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya kuongoza chama cha siasa, mtu huyu alihangaika na bei ya jumla na bei ya rejareja.

Alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, mwana mkubwa wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Alisoma Astrida, mji ambao leo ni Huye nchini Rwanda, katika shule iliyowaandaa watoto wa machifu kuitumikia serikali ya Wabelgiji. Kutoka hapo alikwenda Antwerp, Ubelgiji. Aliporejea mwaka 1956 alikuwa na miaka 24, na njia ya kawaida kwa mtu wa ukoo wake ilikuwa kupewa uchifu na kutulia.

Mji aliourudia ulikuwa bado unaitwa Usumbura, na ramani yake ilikuwa imegawa watu kwa rangi. Wazungu walikaa Rohero na baadaye wakapanda vilimani, Kiriri ikiwemo, penye upepo na mandhari ya ziwa. Wahindi na Waarabu walikuwa na mtaa wao wa maduka, na hadi leo jina la Mtaa wa Waasia halijafutika. Waafrika walipangiwa Buyenzi na Belge, ambayo sasa ni Bwiza: viwanja vidogo vilivyopimwa kwa mistari iliyonyooka, kwa ruhusa ya serikali. Miaka ya 1950 ofisi ya nyumba iliyojulikana kama OCAF ilijenga mtaa mpya wa Ngagara kwa Waafrika wenye mishahara. Zilikuwa nyumba bora, hilo lazima likubaliwe. Lakini nani akae wapi liliendelea kuamuliwa na Mbelgiji.

Buyenzi ilikuwa ya Waswahili. Wengi walikuwa Waislamu wenye asili ya Ujiji, Manyema na pwani, watu wa duka, cherehani na mtumbwi. Mitaa hiyo haikuwa chini ya machifu wa Mwami. Ilitawaliwa moja kwa moja na serikali ya kikoloni, na wakazi wake walihesabiwa kama wageni katika nchi walimozaliwa watoto wao. Rwagasore aliingia huko akiwa mwana wa Mwami, akazungumza nao Kiswahili, akawasikiliza. Kwa ganwa wa wakati ule halikuwa jambo dogo.

Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi. Shabaha yake ilieleweka hata kwa mtu asiyesoma: mwenye duka dogo alinunua kwa mfanyabiashara mkubwa wa kigeni, kwa bei aliyopangiwa, na faida ilikuwa imekwisha kabla gunia halijafunguliwa. Wakiunganisha fedha zao, wangeweza kununua kwa wingi na kuagiza wenyewe. Wachuuzi wa Buyenzi waliupokea kwa shangwe. Serikali iliutilia shaka tangu mwanzo, ikiona siasa ndani ya hesabu za sukari na vitambaa. Lakini si kila kosa lilikuwa la wakoloni. Usimamizi ulikuwa dhaifu, na kufikia 1958 ushirika ulikuwa umezama katika madeni. Serikali ikapata sababu ya kuuweka chini ya uangalizi wake.

Deni halikuwafukuza watu. Wale wale wa ushirika wakawa nguzo ya UPRONA mjini. Mwanzoni mwa 1959 baba yake alimpa uchifu wa Butanyerera, lakini akili yake ilikuwa kwenye uhuru. Wabelgiji walipopiga marufuku ndugu wa karibu wa Mwami kushika nafasi za kisiasa mwaka 1960, kila mtu alijua sheria imeshonwa kwa kipimo cha nani. Alihimiza watu wasusie maduka ya wakoloni na wasilipe kodi. Tarehe 27 Oktoba akawekwa kizuizini, na uchaguzi wa serikali za mitaa ukafanyika bila yeye. Wapinzani wake wa PDC wakashinda. Aliachiwa Desemba.

Msaada ulitoka ng'ambo ya mpaka. TANU ya Julius Nyerere iliisaidia UPRONA, na Umoja wa Mataifa uliwabana Wabelgiji. Tarehe 18 Septemba 1961 chama chake kilipata viti 58 kati ya 64, na siku kumi baadaye akawa Waziri Mkuu.

Alikaa madarakani wiki mbili tu. Usiku wa tarehe 13 Oktoba, akiwa mezani katika Hoteli Tanganyika karibu na ziwa, alipigwa risasi na Mgiriki Jean Kageorgis, katika njama iliyowahusisha viongozi wa PDC. Alikuwa na miaka 29. Kageorgis aliuawa kwa hukumu siku moja kabla ya uhuru wa Julai 1962. Wenzake watano walinyongwa Gitega Januari 1963.

Kaburi likachimbwa kilimani, upande ule ule ambao mpango wa mji haukuwa umeuweka kwa ajili ya wateja wake wa Buyenzi. Kila Oktoba 13 viongozi hupanda huko kuweka mashada ya maua. Ni sikukuu ya taifa na ofisi za serikali hufungwa. Mwenye karatasi za forodha za kugongwa mhuri huzishughulikia siku moja kabla.