Georg Simon Ohm, mtoto wa fundi wa kufuli aliyepima umeme



Mnakumbuka maneno yaliyotokea juu ya taa za nyumba yetu ya mikutano. Batri iko ndani ya depo, taa ziko upande mwingine wa kiwanja, na kila jioni zilikuwa zinawaka hafifu. Wengine walisema batri nzuri imebadilishwa na mbovu, na macho yote yakamgeukia ndugu anayeilinda. Basi, kumbe aliyetusaidia kutoka katika maneno hayo ni mtu aliyekufa zamani sana, kule Ujerumani. Jina lake Georg Simon Ohm. Tunaona maisha yake yanafaa kujulikana na kila mtu aliyerudi kwao mikono mitupu.

Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 katika mji wa Erlangen. Baba yake alikuwa fundi wa kufuli. Hakusoma shule kubwa, lakini alijifundisha mwenyewe hesabu na sayansi, kisha akafundisha watoto wake nyumbani. Watoto walizaliwa saba, wakabaki watatu tu. Mama yao alifariki Georg akiwa na miaka 10.

Mwaka wa 1805 aliingia chuo kikuu cha Erlangen. Huko alipenda dansi, biliadi na kuteleza juu ya barafu kuliko vitabu. Baba alikasirika, akamtoa, na mwaka wa 1806 kijana akapelekwa Uswisi kufundisha hesabu. Alikaa ugenini zaidi ya miaka 4, anafundisha watoto wa wengine, na saa zake za kupumzika anasoma hesabu peke yake. Mwaka wa 1811 alirudi kwao, na mwezi wa Oktoba akapata udaktari.

Lakini kurudi nyumbani ni jambo moja, kupata kazi ya kuishi ni jambo lingine. Chuo kikuu kilimlipa kidogo sana, akaacha. Alikwenda Bamberg kufundisha, nayo shule ile ikafungwa mwaka wa 1816. Mwaka uliofuata alipata nafasi katika shule ya Cologne, yenye chumba cha vyombo vya fizikia. Hapo ndipo mikono aliyoizoeza kwa baba yake ilipofaa, kwa sababu vyombo vingine alivitengeneza mwenyewe.

Wakati ule watu walikuwa na batri, lakini nguvu yake ilikuwa inayumba, na kipimo cha sasa hakilingani na cha baadaye. Mwaka wa 1826, kwa shauri la mwanasayansi Poggendorff, Ohm aliiacha. Aliunganisha shaba na bismuti, kiungo kimoja akakiweka kwenye joto la maji yanayochemka, kingine kwenye barafu. Tofauti ile ya joto inaleta umeme mdogo, lakini umetulia. Kisha akafunga waya za shaba za urefu mbalimbali, moja moja, na kutazama sindano ya sumaku inageuka kiasi gani. Waya ikiwa ndefu zaidi, umeme unapita kidogo zaidi. Na kila mara hesabu ilikubali.

Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka wa 1827. Alitumaini kitampatia nafasi ya chuo kikuu. Hakuipata, na wengi walikipokea kwa baridi. Aliacha kazi ya Cologne, akaishi Berlin kwa kufundisha vipindi tu, mpaka akapata kazi Nuremberg mwaka wa 1833. Heshima ilitoka mbali: mwaka wa 1841 Royal Society ya London ilimpa medali ya Copley. Kiti cha profesa wa fizikia kule Munich alikipata mwaka wa 1852, akiwa na miaka 63. Alifariki tarehe 6 Julai 1854. Hakuoa. Mwaka wa 1881 mkutano wa mataifa uliofanyika Paris uliliweka jina lake kuwa kipimo cha ukinzani, ni kusema namna waya inavyozuia umeme.

Hesabu yenyewe haiko ngumu. Volti ukizigawanya kwa ampere, unapata omu. Volti ukizizidisha kwa ampere, unapata wati, ni kusema nguvu inayotumika. Mambo ya joto linalopotea ndani ya waya yalipimwa na Mwingereza James Joule, karibu na mwaka wa 1840.

Sasa turudi kwenye kiwanja chetu. Tulipima mbele ya kamati, taa zote zikiwa zinawaka. Kwenye batri: volti 12. Kwenye taa: volti 7. Umeme unaopita: ampere 5. Volti 5 zinapotea njiani. Gawanya kwa ampere 5, waya yetu iko na ukinzani wa omu 1. Batri inatoa wati 60, wati 25 zinaishia kupasha waya joto, na taa zinabaki na wati 35. Waya ni nyembamba, ya milimita mraba 1.5, na kwenda na kurudi ni metre 80. Batri ni nzima. Hakuna aliyeibadilisha.

Kwa hiyo tuko na maombi mawili. Kwa wafadhili: hatuhitaji batri mpya, tunahitaji waya nene. Waya ya shaba ya milimita mraba 6 itashusha ukinzani mpaka robo. Kwa sisi wanachama: tulimsema ndugu yetu kabla ya kupima. Katika mkutano mkuu unaokuja tumwombe msamaha mbele ya wote, kama vile tulivyomsema mbele ya wote.